Kamera ya Mamilioni, Uso Gizani

Wiki chache baada ya harusi, albamu inafika nyumbani. Jalada ni gumu, majina ya maharusi yamechapwa kwa rangi ya dhahabu, na mama wa bi harusi amekaa na mashangazi kuifungua. Ukurasa wa kwanza gauni jeupe limetoka vizuri, ila uso wa binti ni kiza kitupu, macho hayaonekani. Kurasa chache mbele, uso huohuo umeng'arishwa kwenye kompyuta mpaka ndugu wanaulizana huyu ni nani. Kwenye picha ya ukoo, waliokaa mbele wanaonekana sawasawa, lakini wazee waliosimama mstari wa tatu wametoka na ukungu. Miongoni mwao yumo babu aliyepanda basi kutoka Songea, ambaye huenda asipate tena nafasi ya kupigwa picha akiwa na wajukuu wake wote.

Malalamiko ya namna hii yamezoeleka Dar es Salaam, Mwanza, Mombasa na Nairobi. Kinachoumiza zaidi ni kwamba mpiga picha mwenyewe hakuonekana mbabaishaji. Alifika na kamera mbili, lenzi nene, gimbal, taa za kusimamisha na droni. Kamati ya harusi ilipomwona akishusha mabegi kwenye gari, iliridhika palepale kwamba michango ya watu imekwenda mahali pake.

Na kweli vifaa vile vina gharama. Kamera ya Canon EOS R5 ilipoingia sokoni mwaka 2020 iliuzwa dola 3,899 bila lenzi. Lenzi yake ya picha za watu, RF milimita 85 yenye tundu la f/1.2, ilitoka mwaka 2019 kwa dola 2,699. Ukikokotoa dola moja kwa shilingi 2,500 za Tanzania, hivyo viwili peke yake vinapita milioni 16, kabla ya usafiri, ushuru, flashi, betri za akiba na kadi za kuhifadhia picha. Ni fedha ambayo kijana mwingine angenunulia kiwanja.

Mtu anapotoa kiasi hicho hudhani ananunua picha nzuri. Hapo ndipo pana kosa, na ni kosa la mnunuzi wa kamera na la mteja wake kwa pamoja. Simu ya mgeni aliyekaa meza ya nyuma hufanya maamuzi kwa niaba yake: hupiga picha kadhaa kwa mpigo, huziunganisha, huinua penye giza, hupunguza penye mwanga mkali. Google ilipotoa simu ya Pixel 6 mwaka 2021 ilitangaza mfumo uitwao Real Tone, uliorekebishwa makusudi ili ngozi nyeusi itoke katika rangi yake. Kamera ya kitaalamu haikutengenezwa hivyo. Imetengenezwa kumtii aliyeishika, kwa imani kwamba mtu huyo anajua anachotaka. Akikosea, nayo inakosea kwa uaminifu uleule, tena kwa ubora wa megapikseli 45. Ndiyo maana baada ya sherehe baadhi ya familia hujikuta zikitunza picha za simu za wageni na kuiweka kabatini albamu waliyoilipia.

Somo la kwanza la kazi hii ni mwanga, na kwa watu wa Afrika Mashariki somo hilo lina ugumu wake. Kipima mwanga kilicho ndani ya kamera hakijui kama mbele yake kuna bi harusi, ukuta au mbuzi. Kimefundishwa kwamba kila kinachokiona, kikichanganywa, kinapaswa kufanana na rangi ya kijivu inayoakisi takriban asilimia 18 ya mwanga. Msimamishe binti mwenye ngozi nyeusi, aliyevaa gauni jeupe, mbele ya ukuta mweupe wa kanisa. Kamera inaona weupe mwingi, inadhani mwanga umezidi, inaupunguza. Gauni linakuwa la kijivu na uso unazama. Sasa geuza mambo, umsimamishe bwana harusi mwenye suti nyeusi mbele ya pazia jeusi, nayo itafanya kinyume: itaongeza mwanga mpaka paji la uso lipauke na shati jeupe lipoteze mikunjo yote. Kamera za sasa zinaweza kutambua uso na kupunguza tatizo hili, lakini hazijaliondoa.

Fundi anayejua hupima mwanga wa uso, wala haangaiki na wastani wa picha nzima. Hutazama chati ya mwanga kwenye kioo cha kamera, huongeza au kupunguza kwa kidole gumba, kisha humsogeza bi harusi hatua mbili hadi kwenye kivuli cha baraza, ambako mwanga unamfikia kutoka upande mmoja ukiwa laini. Kazi hiyo huchukua nusu dakika na haihitaji kifaa cha ziada. Asiyejua hupiga hivyohivyo, kisha usiku huvuta mwanga kwenye kompyuta. Giza likivutwa kwa nguvu hutoa chengachenga, ngozi hugeuka majivu, na ili kuzificha hupaka kichujio cha kulainisha na kung'arisha. Watu wengi wameichukulia tabia ya kuwafanya maharusi weupe kuwa ni suala la urembo tu. Sehemu yake kubwa ni kosa la mwanga linalofunikwa, na matokeo yake ni binti kupewa kumbukumbu ya siku yake kubwa ikiwa na sura isiyo yake. Jambo hilo si dogo.

Historia ya ufundi wenyewe imechangia. Kwa miongo mingi Kodak ilizipatia maabara za kusafisha picha kadi ya kulinganishia rangi yenye picha ya mwanamke mzungu, kadi iliyokuja kuitwa Shirley. Mashine zilirekebishwa mpaka ngozi ya Shirley ikae sawa, na ngozi nyingine zikafuata zilivyoweza. Mtafiti wa Kanada, Lorna Roth, aliyeandika kuhusu kadi hizo mwaka 2009, alieleza kwamba miongoni mwa waliosukuma mabadiliko walikuwa watengenezaji wa samani na wa chokoleti, waliolalamika kwamba rangi za hudhurungi za bidhaa zao hazitofautiani kwenye picha. Mpiga picha wa Kiafrika anayeamini kwamba mashine itajua yenyewe namna ya kumwonyesha shangazi yake ameiachia kazi ambayo mashine za picha, kwa miaka mingi, hazikuundwa kuifanya.

Kisha kuna saa. Dar es Salaam iko takriban nyuzi saba kusini mwa Ikweta. Mwanzoni mwa Machi na tena karibu na tarehe 10 Oktoba, jua la adhuhuri hupita utosini kabisa, na siku nyingine za mwaka halikai mbali sana. Jua la namna hiyo huchora vivuli viwili vyeusi chini ya nyusi na kimoja chini ya pua. Hakuna lenzi inayokiondoa kivuli hicho, hata ikigharimu milioni ngapi. Kinaondolewa na mti, kibaraza, kitambaa cheupe kilichoshikwa na msaidizi, flashi iliyopunguzwa nguvu, au subira. Mwanga mzuri huanza kama saa kumi na moja jioni, na jua likishazama, giza la huku haliingii polepole kama la Ulaya. Baada ya dakika ishirini na chache usiku umeshatanda. Kwa hiyo mpiga picha makini huingilia ratiba mapema. Huiambia kamati kwamba msafara ukitoka kanisani saa tisa, wapumzike kwanza, picha za bustanini zifuate baadaye. Ni mazungumzo ya wiki mbili kabla ya harusi, na wengi wenye mabegi makubwa hawayafanyi. Wanakubali kupiga saa nane mchana ufukweni kwa sababu ndivyo ratiba ilivyoandikwa.

Ukungu wa picha ya ukoo nao una maelezo rahisi. Lenzi ya f/1.2 hununuliwa kwa ajili ya yale mandharinyuma yanayoyeyuka, ambayo wateja huyapenda sana. Lakini ukiipiga milimita 85 ikiwa wazi kabisa, umbali wa mita moja na nusu, sehemu inayotoka safi ina kina cha sentimita mbili hivi. Jicho likiwa safi, sikio tayari limeshapotea. Ukiwa mbali zaidi kina huongezeka, ila hakitoshi kubeba mistari mitatu ya wajomba. Kwa kundi, tundu hufungwa hadi f/8 au karibu na hapo, mwanga uliopungua ukafidiwa kwa flashi au kwa kupandisha ISO, yaani usikivu wa kamera kwa mwanga. Hili hufundishwa siku za mwanzo kabisa popote panapofundishwa upigaji picha. Aliyetumia milioni 16 na hajui hili amenunua lenzi ambayo kwake ni hatari kuliko ile ya plastiki iliyokuja na kamera ya kwanza.

Ukumbini usiku mambo huongezeka: taa za LED za zambarau na buluu, dari iliyofunikwa vitambaa vya rangi ambavyo flashi ikigonga juu hurudisha rangi yao usoni mwa watu, na mistari myeusi inayokata picha kwa sababu taa za bei nafuu hupwitapwita na umeme wetu wa mizunguko 50 kwa sekunde. Kuteremsha kasi ya shata hadi 1/100 au 1/50 mara nyingi huiondoa mistari hiyo. Wapo wanaoishia kuilaumu kamera.

Ujuzi huu ulikuwa na njia yake ya kupita kutoka mkono hadi mkono. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, na picha zake za watu wa visiwani bado zinatazamwa hadi leo. Studio za enzi hizo, kuanzia Zanzibar hadi Mombasa na bara, zilikuwa pia ndiyo shule. Kijana aliingia kwa kufagia na kuchanganya dawa kwenye chumba cha giza, akashika taa, akaona kwa macho yake negativu iliyoungua na iliyofifia, akaelewa kwa nini. Mkanda ulikuwa na picha 36, ule wa kamera kubwa za mraba picha 12 tu, na kila kosa lilikuwa na bei. Leo EOS R5 inaweza kupiga picha 20 kwa sekunde. Mkanda mzima wa zamani unaisha kabla ya sekunde mbili, na wingi huo unampa mtu matumaini kwamba moja itatoka. Magereji na mafundi cherehani bado wanampokea kijana akae chini ya fundi kwa miaka. Upigaji picha uliuacha utaratibu huo mara tu kadi ya kuhifadhia picha ilipochukua nafasi ya mkanda.

Ushahidi kwamba ujuzi huzidi kifaa upo. Huko Bamako, Mali, mpiga picha Seydou Keïta alipewa na mjomba wake kamera ya Kodak Brownie mwaka 1935, kisanduku ambacho mpigaji hana mengi ya kurekebisha zaidi ya kuchagua asimame wapi. Alifungua studio yake mwaka 1948, akafanya kazi kwa mwanga wa jua uani mwake, mbele ya shuka zenye nakshi, kwa kamera ya negativu za sentimita 13 kwa 18. Kwa kuwa negativu hizo zilikuwa ghali, mara nyingi alimpiga mteja mara moja tu. Nyuso zake nyeusi zimejaa uhai, na leo picha hizo zinaning'inia kwenye majumba makubwa ya makumbusho duniani.

Mpiga picha Mkenya, Mohamed Amin, naye alianza na Brownie akiwa mtoto. Mwaka 1963 alianzisha kampuni ya Camerapix papa hapa Dar es Salaam, na Oktoba 1984 picha zake za njaa ya Korem, Ethiopia, zilizotangazwa na BBC, ziliisukuma dunia kuchanga. Alipopoteza mkono wa kushoto katika mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa mwaka 1991, alirudi kazini kwa mkono wa bandia, akaendelea mpaka alipofariki katika ajali ya ndege karibu na Komoro Novemba 1996.

Hata hivyo, si haki kuwabebesha vijana lawama zote. Soko ndilo linalowauliza swali baya. Kamati ya harusi inapokaa, mjumbe huuliza kamera ngapi, droni ipo, screen ya ukumbini ipo. Hakuna anayeuliza picha za ndani ya kanisa lenye giza zinatokaje. Kijana mwenye kamera ya zamani na jicho zuri hukosa kazi, hivyo hukopa, au hukodi kwa siku moja vifaa ambavyo hajawahi hata kufungua menyu zake. Jumamosi ya watu inakuwa darasa lake la kwanza.

Njia nyingine ipo. Johannesburg, mpiga picha David Goldblatt alianzisha Market Photo Workshop mwaka 1989, mahali ambapo vijana waliofungiwa milango na ubaguzi wangefundishwa misingi kwa gharama ndogo. Zanele Muholi, ambaye picha zake zimeoneshwa Ulaya na Marekani, alisoma hapo. Miji yetu ina wazee wa studio ambao bado wana ujuzi wa chumba cha giza, ina chuo cha sanaa cha TaSUBa pale Bagamoyo, ina vyama na makundi ya wapiga picha. Kozi ya Jumamosi chache kuhusu mwanga, iliyosimamiwa na mzee mmoja wa studio, ingeokoa albamu nyingi kuliko shehena nzima ya lenzi mpya za Kariakoo.

Wakati hayo yakisubiriwa, kamati inayokaa wiki hii ina uwezo wa kubadili swali. Mwambieni mpiga picha aje na harusi moja kamili, kuanzia maandalizi hadi keki, badala ya picha kumi bora za kwenye simu. Tazameni nyuso za bibi na mashangazi kabla ya kutazama pete. Muulizeni atawasimamisha wapi saa nane mchana, na picha zitahifadhiwa sehemu ngapi usiku ule kabla hajalala. Akishindwa kujibu, mshukuruni na mumwite anayefuata, hata kama huyo atakuja na begi moja.