Moto Nao Hupumua

Mwaka huu nimeonelea niwaeleze juu ya kitu ambacho wengi wetu hatujakiona kwa macho. Kitu chenyewe ni tanuri la gesi la kupasha nyumba joto, na hasa mabomba yake mawili: moja la kuvuta hewa na jingine la kutoa moshi. Najua mtauliza, "Sisi na tanuri wapi na wapi?" Hebu nitegeeni sikio. Sheria inayoyatawala mabomba hayo ndiyo inayolitawala jiko la makaa lililo kwenu nyumbani, na anayeivunja hulipa kwa uhai wake.

Habari hizi nilizipata kwa mjomba wangu, ambaye ni fundi wa matanuri hayo katika jimbo la Minnesota, Marekani. Huko majira ya baridi si mchezo. Maziwa huganda hata watu wakatembea juu ya maji. Kwa hivyo nyumba nyingi zina tanuri, mara nyingi katika chumba cha chini ya ardhi. Gesi huwaka ndani ya tanuri, na feni kubwa huipitisha hewa ya nyumbani nje ya kuta za chuma zilizopata moto. Hewa hiyo ikishapata joto husambazwa vyumbani. Angalieni vizuri hapo: hewa wanayoivuta watu na moshi wa gesi havikutani hata kidogo. Chuma kimesimama katikati.

Sasa tuje kwa moto wenyewe. Gesi inayotumika sana huko ni methani. Molekuli moja ya methani ikiungua hutaka molekuli mbili za oksijeni. Oksijeni ni kama asilimia 21 tu ya hewa, kwa hivyo nilipopiga hesabu niliona kuwa lita 1 ya gesi hiyo hutaka karibu lita 10 za hewa! Ndiyo maana bomba la kwanza huvuta hewa kutoka nje, ili moto usishindanie hewa na watu waliolala.

Je, kinachotoka ni nini? Moto ukishiba hewa hutoa kabonidayoksaidi na mvuke wa maji. Waliosoma moli pamoja nami watakubali kuwa gramu 16 za methani huzaa gramu 36 za maji. Yaani kilo 1 ya gesi hutoa kilo 2 na robo za maji! Nani angedhani kwamba moto huzaa maji? Katika matanuri ya zamani moshi ulikuwa moto sana, ukapanda wenyewe kwa bomba la chuma hadi juu ya paa, na joto jingi likapotea nao. Matanuri ya kisasa huhifadhi zaidi ya asilimia 90 ya joto. Moshi wake hupoa hata unaweza kupita katika bomba la plastiki, lakini hauna tena nguvu ya kupanda. Ni lazima feni ndogo iusukume nje, na mvuke wake hugeuka maji humo humo bombani.

Usione vyaelea, vimeundwa. Fundi anayeyaunganisha mabomba hayo huwa na mambo manne ya kuzingatia.

Kwanza ni upana na urefu. Mabomba mengi ya nyumbani ni ya inchi 2 au 3, na kitabu cha mtengenezaji hueleza bomba linaweza kwenda umbali gani. Kila kona huhesabiwa kama futi kadhaa za bomba lililonyooka. Ukitaka kujua sababu, nyonya soda kwa mrija mmoja, halafu unganisha mirija mitano uipinde kona tatu. Utachoka! Feni nayo huchoka vivyo hivyo.

Pili ni maungio. Bomba hukatwa sawasawa, ncha zikasuguliwa kwa msasa. Kisha hupakwa dawa ya kulainisha plastiki, halafu gundi, likasukumwa ndani huku likizungushwa kidogo. Hapatakiwi kubaki tundu hata la sindano katika bomba la moshi.

Tatu ni mteremko. Bomba la moshi huinamishwa kuelekea kwenye tanuri, robo inchi kwa kila futi, yaani kama sentimita 2 kwa kila mita. Maji yale hurudi hadi tanurini, yakatolewa kwa mfereji mdogo. Bomba likilegea katikati na kufanya bonde, maji hutuama na moshi hukosa njia.

Nne ni midomo ya mabomba huko nje. Huwekwa juu ya kimo ambacho theluji inaweza kufika, mbali na madirisha, na ile inayovuta hewa haiwekwi mahali itakapoumeza moshi wa mwenzake.

Hata hivyo wenye tanuri hawamwamini fundi peke yake. Ndani mna swichi inayopima mvuto wa feni. Theluji ikiziba bomba, swichi hiyo huizuia gesi isifunguke, na tanuri hukataa kabisa kuwaka. Zaidi ya hayo, nyumbani huwekwa kengele inayolia ikinusa gesi ya sumu.

Sumu gani hiyo? Moto ukikosa hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi. Gesi hii haina rangi, haina harufu wala haiwashi macho. Ukiivuta, hushikamana na chembe nyekundu za damu kwa nguvu inayoishinda oksijeni zaidi ya mara 200. Kichwa huuma, mwili hulegea, usingizi humchukua mtu, na huenda asiamke. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu, lakini mvua hii, jamani, haina mawingu.

Sasa turudi kwetu. Mwezi wa Julai, baridi inapouma Limuru na Nyahururu, watu huingiza jiko la makaa ndani, wakafunga mlango na dirisha, wakaziba hata nyufa kwa magunia. Wengi husema ati makaa yakishashika na moshi kwisha hayana neno. Hapo ndipo tunapojidanganya! Makaa mekundu yasiyotoa moshi ndiyo hutoa kaboni monoksaidi kwa wingi. Wengine hudai sufuria ya maji juu ya jiko humeza sumu. La hasha, gesi hiyo haiyeyuki majini kwa kiasi cha kumwokoa mtu.

Jiko letu halina bomba la kuvuta hewa wala la kutoa moshi. Halina swichi, halina kengele. Swichi ni mimi na wewe. Kama ni lazima kuotea moto ndani, acheni dirisha na mlango wazi, na jiko litolewe nje kabla ya mtu yeyote kulala. Ukiona wenzako wote chumbani wanaumwa na kichwa kwa pamoja, usingoje kuuliza ni malaria au nini. Toeni watu nje kwanza, wapate hewa safi, kisha mkimbilie hospitali.

Ndugu zangu, tahadhari kabla ya hatari. Mwambieni nyanya, mwambieni jirani, mwambieni na yule ndugu mdogo anayependa kulala karibu na jiko. Moto ni rafiki mwema, lakini nao hupumua kama sisi. Tusigawane naye pumzi katika chumba kilichofungwa. Kwaherini.