Mti umeinamia jikoni ushago? Uliza haya kabla ya kutuma pesa

Simu inaingia Jumapili jioni. Wewe uko Pipeline, nguo za wiki ziko kwenye kamba na salio la M-Pesa ni la nauli tu. Ni mama anapiga kutoka Soin. Anakuuliza habari za kazi, anakwambia mvua imeanza, kisha anafika kwenye jambo lenyewe. Ule mkaratusi ambao marehemu mzee aliupanda kando ya jikoni umeinama. Upepo ukivuma usiku, hathubutu kuingia huko kupika. Ameshapata kijana mwenye pawasoo. “Tuma kitu kidogo, mwanangu.”

Kidogo ni ngapi? Hapo ndipo wengi wetu huteleza. Tunatuma haraka ili tuonekane watoto wazuri, kisha wiki mbili baadaye tunasikia mabati yamepasuka, au mti umelala uani na hakuna wa kuuondoa.

Kabla ya kubonyeza “tuma”, elewa kwanza unalipia nini.

Mti wa shambani, mti wa nyumbani

Kericho na Bomet, mkaratusi ni mali. Mti huu uliletwa Kenya mwaka wa 1902 ili utoe kuni za injini za reli ya Uganda, na hadi leo kazi yake kubwa ni moto. Viwanda vya chai huhitaji kuni kukaushia majani. Shule nazo zinapikia kuni, na mafundi wanatafuta nguzo na mbao. Soin iko chini kwenye joto, nchi ya miwa na mahindi kuliko chai, lakini soko la kuni liko hapo juu mlimani.

Ndiyo maana mti ulio katikati ya shamba hukugharimu chochote. Broka anakuja, anaupima kwa macho, anakulipa wewe, anaukata na kuubeba.

Mti huohuo ukiwa hatua tano kutoka jikoni, broka anakuna kichwa. Hauwezi kuangushwa mzima. Mtu lazima apande na kamba, akate matawi, kisha ashushe shina kipande kwa kipande huku wengine wakivuta kamba upande salama. Hapo bei inafuata hatari: urefu wa mti, unakoinamia, kilicho chini yake, na kama lori linaweza kufika.

Piga hesabu pande zote mbili

Tuchukue mfano, na tarakimu hizi ni za kuonyesha hesabu tu. Kijana amesema Sh6,000. Muulize: petroli na oili ni zake au zako? Vijana wa kushika kamba analipa nani? Akishaangusha, atakata vipande au anaenda zake? Ikiwa hayo yote ni juu yako, ongeza Sh1,000 za mafuta, Sh1,000 za vijana wawili na Sh1,500 za kukata vipande. Sh6,000 zimekuwa Sh9,500.

Sasa uliza swali ambalo karibu kila mtu husahau: shina ni la nani? Kama broka yuko tayari kulinunua kwa Sh5,000, gharama yako halisi ni Sh4,500. Usipouliza, kijana ataondoka na pesa zako na shina pia, na hutakuwa na la kusema kwa sababu hamkukubaliana.

Kwa hivyo mwambie mama aite mafundi wawili au watatu, kila mmoja aje auone mti. Bei ya simu ni ya kubahatisha. Mkikubaliana, andikeni hata kwa meseji: nani anakata, nani anabeba, mabati yakiharibika nani anatengeneza. Lipa nusu kwanza, nusu mti ukiwa chini.

Na jambo zito zaidi: kijana akianguka kutoka juu, nani atamlipia hospitali? Mafundi wengi wa mashinani hawana bima. Asiye na kamba wala kofia ya kujikinga ni rahisi leo tu. Akivunjika mgongo uani kwenu, hiyo Sh2,000 mliyookoa haitakuwa na maana yoyote, na mtaishi na familia yake kijiji kimoja.

Kuna waya? Simama hapo

Ikiwa matawi yamegusa au yanakaribia waya za stima, fundi wa pawasoo asiguse. Mti mbichi unapitisha umeme. Ripoti kwa Kenya Power. Kukata miti inayosonga laini zao ni sehemu ya kazi yao. Huenda mkangoja, lakini ngojeni.

Karatasi

Wengi bado wanadhani kukata mti wowote ni haramu. Marufuku ya Februari 2018 ilihusu misitu ya umma na ya jamii, na Julai 2023 Rais William Ruto alitangaza kuiondoa. Mti wa nyumbani ni jambo jingine. Hata hivyo, pitieni kwa chifu kwanza, kwani sheria inampa uwezo wa kudhibiti ukataji wa miti. Na magogo yakitoka kwenda sokoni kwa lori, yanahitaji kibali cha kusafirishwa kutoka kwa Huduma ya Misitu ya Kenya (KFS). Kubalianeni na broka mapema kwamba hicho ni chake.

Kumbuka pia kanuni za kilimo za mwaka wa 2009 zinataka asilimia 10 ya shamba iwe na miti. Ukitoa mmoja, panda mingine.

Kisiki hakifi

Mkaratusi ukikatwa huchipuka. Ukiacha kisiki kikiwa hai, baada ya miaka michache mama atakupigia simu ileile. Kung'oa kisiki karibu na ukuta ni ghali na kunaweza kutikisa msingi. Njia ya bei nafuu ni kuambua gamba hadi chini, kukifunika kwa udongo, na kuvunja kila chipukizi linapotokea. Hiyo kazi haihitaji pesa, inahitaji mtu wa nyumbani asiyechoka.

Mti wa nani?

Mwisho kuna swali lisilo na bei. Kama hatimiliki bado iko kwa jina la mzee, mti huo ni wa nyinyi wote. Kuna ndugu waliokosana kwa sababu ya miti: mmoja alikata, akauza, akanyamaza. Piga simu kwa kaka na dada zako leo. Waambie bei, waambie shina litauzwa kwa nani, na pesa zitafanya nini. Pengine mtachanga, na mzigo hautakuwa wako peke yako.

Kisha mpigie mama tena. Mwambie pesa zinakuja baada ya fundi wa pili kuuona mti. Na mwambie usiku wa leo ahamishie sufuria nyumba kubwa. Jikoni linaweza kujengwa upya.