Upepo Ukishindwa Kuifunga Bahari

Mnunuzi wa samaki pale soko la Feri, Dar es Salaam, hutazama mambo mawili: macho ya samaki na bei yake. Akiambiwa kwamba leo changu ni haba, humnung'unikia mchuuzi. Ni mara chache akumbuke kwamba sababu huenda iko angani, kwenye mwezi, au katika upepo unaovuma huko Mafia, zaidi ya kilomita 120 kusini mwa jiji. Wiki hii tumwangalie mvuvi wa mshipi wa kisiwa hicho, na kalenda inayomwongoza.

Vifaa vya mvuvi huyu ni vichache: mshipi wa nailoni, ndoana, chubwi la kuuzamisha na chambo cha ngisi au dagaa. Akitaka nguru au jodari, huburuta mshipi nyuma ya chombo kinachokwenda, ndoana ikiwa imefichwa ndani ya manyoya au kitambaa cheupe, ili samaki adhani ni dagaa anayekimbia.

Hila hiyo ya manyoya inajulikana pia mbali na bahari. Mwaka 1905 Mwingereza Ewart Grogan aliwaleta samaki aina ya trauti nchini Kenya, wakapandwa katika mto Gura, kwenye milima ya Aberdare. Hao ni samaki wa maji baridi, na wavuaji wao huwadanganya kwa inzi wa bandia aliyetengenezwa kwa manyoya. Lakini huko Uingereza mvuaji wa trauti haingii mtoni wakati wowote apendao. Sheria hufunga uvuvi huo miezi ya baridi, samaki anapotaga, na kuufungua tena majani yanapochipua. Mvuaji hukaa nyumbani akinoa ndoana na kuhesabu siku.

Je, Mafia nani alikuwa akiifunga bahari? Kwa karne nyingi, ulikuwa upepo wa kusi.

Kusi huanza mwezi Aprili au Mei na kuendelea hadi Septemba. Hutoka kusini mashariki, na mawimbi ya bahari kuu huupiga upande wa mashariki wa kisiwa bila kizuizi. Mwenye ngalawa au mashua ndogo ya tanga hathubutu kutoka nje ya miamba. Huvua ndani ya Ghuba ya Chole, au hushughulikia minazi na mihogo yake. Ifikapo Oktoba na Novemba upepo hulegea, bahari hutulia, na maji huwa safi. Hapo ndipo msimu wake hufunguka. Kisha huja kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi.

Miezi hiyo hiyo ya kuanzia Oktoba, upande wa Kilindoni huonekana papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, anayeweza kuzidi mita 12. Hang'ati mtu. Huchuja maji na kula uduvi na viumbe wengine wadogo. Zamani ilidhaniwa kwamba msimu ukiisha potwe huhama. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, uliotumia vifaa vidogo vya kutoa sauti vilivyofungwa mwilini mwao, ulionyesha kwamba wengi hubaki karibu na Mafia, ila huenda mbali kidogo na pwani na kuzama zaidi.

Ndani ya msimu ipo kalenda nyingine, ya mwezi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua na mwezi huvuta maji kwa pamoja, likawa bamvua. Maji hukauka sana, miamba ikabaki wazi, na akina mama hutoka na fimbo zao kutafuta pweza. Yanaporudi, maji hupita kwa nguvu kwenye mlango wa Kinasi kiasi cha kuupeperusha mshipi usifike chini. Mwezi ukiwa nusu, huwa maji mafu. Mkondo hupungua, na chubwi hushuka wima hadi kwa chewa na changu.

Sasa yapo mabadiliko. Chombo chenye injini na sanduku la barafu hakiogopi kusi kama ngalawa. Hakuna ubaya mvuvi kupata injini. Nani asiyependa kurudi nyumbani salama? Lakini mapumziko ambayo upepo uliyatoa bure yanapungua, na samaki hawajabadili kasi yao ya kuzaliana. Mchukue chewa. Aina nyingi za chewa huanza maisha wakiwa majike, na baadhi yao hugeuka madume wakishakuwa wakubwa. Ukiwamaliza wakubwa, umewapunguza madume. Ukiwavua wadogo, hawajapata nafasi ya kutaga hata mara moja. Na hapo hatujamtaja mwenye baruti, ambaye huua mkubwa na mdogo na kuivunja nyumba yao.

Serikali ilichukua hatua. Sheria ya Hifadhi za Bahari ilipitishwa mwaka 1994, na mwaka 1995 Mafia ikapata hifadhi ya kwanza ya bahari nchini, yenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 822. Yapo maeneo yasiyovuliwa kabisa, na yapo yanayovuliwa kwa masharti. Lakini doria haiwezi kuwa kila mahali, usiku na mchana.

Ndiyo maana linalofanyika Jibondo linastahili kuangaliwa. Wanakijiji wamekuwa wakikubaliana kuifunga miamba fulani ya pweza kwa miezi kadhaa, kisha kuifungua siku ya bamvua. Wazo kama hilo lilijaribiwa huko Andavadoaka, Madagaska, mwaka 2004. Pweza anafaa kwa mpango huu kwa sababu haishi muda mrefu na hukua upesi mno. Akiachwa miezi michache tu, uzito wake huongezeka maradufu na zaidi. Tatizo ni kwamba wakati wa kufunga, mama anayetegemea pweza kulisha watoto leo ndiye anayebeba mzigo. Kijiji kisipomfikiria huyo, makubaliano hayatadumu.

Nasi wa mjini tuna sehemu yetu. Kanuni za nchi zinakataza pweza wa chini ya nusu kilo, lakini anayevuliwa akiwa mdogo huvuliwa kwa sababu yupo wa kumnunua. Chovya chovya humaliza buyu la asali, na mkono unaochovya si wa mvuvi peke yake. Zamani upepo ulimwambia mtu wa Mafia, "Pumzika." Leo inambidi ajiambie mwenyewe, nasi tumwunge mkono kwa kuacha kununua kilichovuliwa kabla ya wakati wake.