Kichocho kina saa yake

Msomaji wa Wete anauliza: mbona kichocho kinawaandama watoto wa shamba, na wenzao wenye bomba uani kinawapitia mbali? Dalili naziruka, mkojo wa damu Pemba hauhitaji mwalimu. Jibu limo kwenye saa.

Mgonjwa akikojoa mtoni, mayai ya minyoo hutoka na mkojo. Ndani ya chumvi ya mkojo hutulia. Yakigusa maji baridi huanguliwa, na kila yai hutoa kiluwiluwi kinachomsaka konokono. Zanzibar konokono anayekifaa ni Bulinus globosus, mkaazi wa mito na mabonde ya Pemba. Kiluwiluwi kimoja kikimwingia, baada ya wiki kadhaa konokono huyo huanza kumwaga maelfu ya vidudu vyenye mkia wa panda. Wataalamu huviita sekaria, neno lisilo na ladha. Mimi naviita mikiapanda, na mwalimu wa sarufi anitafutie ngeli.

Mkiapanda hauli kitu. Huishi kwa akiba uliyotoka nayo kwa konokono, na siku moja au mbili zikipita umekwisha. Ni kama muuza barafu: mtaji unayeyuka tangu anapofunua ndoo. Akitoka alfajiri, wateja wamelala. Akichelewa hadi magharibi, amebaki na maji ya rangi. Basi hungoja jua la utosi, skuli zinapotoka, akatega njiani. Mkiapanda nao huamshwa na mwanga: hutoka kwa wingi mchana, kilele kikikaribia saa sita. Wateja ndio hao: anayefua, anayechota, mtoto anayepiga mbizi. Dakika chache zinatosha kutoboa ngozi. Mwili unaingia, mkia unabaki nje.

Mwenye bomba hana la kumpeleka mtoni saa hiyo. Asiye nalo hana hiari, na asiye na choo karibu ndiye anayewapelekea konokono mayai mapya. Moshi wa kiwanda una mwenyewe, aghalabu anayeishi mbali nao. Lakini uchafu huu wa mkojo, anayeutia majini na anayeumia ni mtoto yuleyule.

Kuanzia 2012, mradi wa kutokomeza kichocho uligawa dawa ya praziquantel mara mbili kwa mwaka Unguja na Pemba. Baadhi ya shehia ziliongezewa dawa ya kuua konokono, nyingine elimu. Maabara ya Ivo de Carneri, iliyoko Wawi, Pemba, ilishiriki. Maambukizi yalishuka, sehemu sugu zikabaki, na kuanzia 2020 utafiti mwingine ulizifuatilia kaskazini mwa Pemba. Praziquantel huua minyoo iliyokomaa mwilini. Haimkingi mtu na mkiapanda wa kesho.

Kwenye shehia za elimu zilijengwa pia sehemu za kukojolea na sakafu za kufulia. Hapo ndipo ningeweka fedha, na bomba kwanza. Sakafu isiyo na maji ni saruji tu: beseni litarudi mtoni, tena mchana, kwa sababu nguo nazo zinataka jua.