Usihadaiwe na sauti safi ya spika

Ni vigumu siku hizi kuingia katika sebule ya mkazi wa Nairobi au Mombasa aliyejaliwa uwezo usikute spika isiyo na waya imetulia juu ya kabati la televisheni. Zile redio kubwa zenye nyaya zilizotapakaa sakafuni, ambazo zamani zilikuwa fahari ya nyumba, zimesukumwa stoo. Mahali pake pamechukuliwa na vidude vidogo vya Sonos, Bose au Bang & Olufsen ambavyo huamrishwa kwa simu, na ambavyo bei yake humfanya mgeni aulize mara mbili.

Wengi wanaponunua spika hizi huuliza kwanza kuhusu mawimbi. Je, mawimbi yanayosafiri kutoka simu hadi spika hayawezi kuleta saratani? Hofu hiyo ina chanzo chake. Mwaka 2011, IARC, tawi la Shirika la Afya Duniani (WHO) linaloshughulikia utafiti wa saratani, liliyaweka mawimbi ya redio katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha maradhi hayo, na kilichowashughulisha wataalamu zaidi ni simu za mkononi. Hata hivyo, kifaa cha kawaida cha Bluetooth hutumia miliwati chache tu, ilhali simu inapotafuta mtandao yaweza kufikisha mamia ya miliwati. Isitoshe, spika haibandikwi sikioni. Anayeiogopa huku amelaza simu chini ya mto anaogopa kivuli.

Kinachofaa kuogopwa ni sauti yenyewe.

Ndani kabisa ya sikio mna kiungo kidogo kilichojiviringa mfano wa konokono. Humo mna chembechembe zipatazo 15,000 zenye vinyweleo, ambazo kazi yake ni kugeuza mtikisiko wa sauti kuwa ujumbe wa kupelekwa kwenye ubongo. Kelele ikizidi, vinyweleo hivyo hulegea kama nyasi zilizokanyagwa. Vikipumzishwa mapema huinuka. Vikikanyagwa kila siku chembechembe hufa, na kwa binadamu zikifa haziti tena. Hakuna dawa ya kuzirejesha.

Hapa ndipo spika ghali huwa na hila ambayo spika duni haina. Spika ya bei rahisi ikipandishwa sana hukwaruza na kutetema hadi mwenyewe akaikimbilia kuipunguza. Kukwaruza kule kunaudhi, lakini kunamlinda mtu. Spika nzuri haikwaruzi. Hupanda na kupanda huku sauti ikibaki laini, nalo sikio halipati onyo. Kampuni ya Devialet ya Ufaransa, kwa mfano, imeuza spika iitwayo Phantom I ambayo jina lake lenyewe lina idadi ya desibeli: 108.

Idadi hiyo ni ya kutisha ukijua hesabu yake. Taasisi ya Marekani ya usalama wa wafanyakazi, NIOSH, husema mtu aweza kustahimili desibeli 85 kwa saa 8 kwa siku. Kila desibeli 3 zinapoongezeka, muda hukatwa nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, na 100 ni dakika 15. Ukifika 108, muda haufiki dakika 3, yaani wimbo mmoja haumaliziki. WHO nalo, kwa wasikilizaji wa muziki, hupendekeza wasizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na 75 kwa watoto.

Aidha, tusisahau kwamba sikio hubeba jumla ya kelele za siku nzima. Aliyepanda matatu yenye muziki wa kupasua ngoma asubuhi na jioni anafika nyumbani tayari amekwisha kutumia sehemu kubwa ya kipimo chake. Spika yenye waya ilikaa sebuleni, nawe ukiondoka unaiacha. Hii ya sasa hukufuata jikoni, bafuni hadi kitandani.

Mzazi aangalie hasa mahali ilipowekwa. Mtoto anayecheza mkekani hukaa karibu na spika ya sakafuni kuliko baba aliye kochini anayeirekebisha. Mahali palipo wazi, umbali ukipungua kwa nusu, sauti huongezeka kwa takriban desibeli 6. Chumbani huongezeka kidogo chini ya hapo. Kinachomtosha baba kinaweza kumzidi mwanawe. Iinueni juu ya meza, mbali na kona, kwa maana kona huvimbisha besi.

Besi hiyo ndiyo inayogombanisha majirani. Sauti nyembamba huzuiwa na ukuta, lakini besi hupenya zege na kushuka ghorofa kwa ghorofa. Mwandishi huyu ana jirani wa juu ambaye nyimbo zake hazisikiki kamwe, ila kijiko hucheza ndani ya kikombe. Mwenye spika hudhani hamsumbui mtu, naye wa chini hukesha. Utafiti mwingi kuhusu kelele za magari na ndege za usiku umeonyesha kwamba kukatizwa usingizi mara kwa mara huandamana na shinikizo la damu na maradhi ya moyo. Mwili haujali kama kelele ni ya lori au ya rumba.

Kanuni za kelele zilizotolewa nchini mwaka 2009 chini ya sheria ya mazingira ziliweka kiwango cha desibeli 35 katika makazi kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Hicho ni karibu na kiwango cha mnong'ono. Ni wangapi katika mitaa yetu wanaokitimiza?

Dalili za madhara huja polepole. Hupotea kwanza sauti nyembamba, kwa hiyo mtu husikia kwamba mwenzake anaongea lakini hapambanui maneno. "Sisi" kwake huwa "fisi". Huanza kulalamika kwamba watu wananong'ona, kisha huipandisha spika. Anayesema masikio yake yamezoea kelele mara nyingi ameanza kupoteza kusikia.

Kipimo rahisi cha nyumbani ni mazungumzo: ukilazimika kupaza sauti ili asikie aliye umbali wa mkono, muziki umezidi. Ukizima spika ukasikia mlio kama wa nyenje, pumzisha masikio. Mlio huo ukiendelea hadi kesho yake, mwone daktari wa masikio akupime. Lakini sikio likiziba au kupoteza kusikia kwa ghafla, nenda siku hiyo hiyo, kwa kuwa tiba yake haingoji. Wala usitie mafuta ya moto, kwani hayafiki pale palipoharibika.