Kabla Hujachimba Chini ya Nyumba

"Kiwanja ni changu na hati ninayo, kwa nini niombe ruhusa ya kuchimba ndani yake?" Swali hili ni la haki. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 huihesabu ardhi kuwa uso wake pamoja na udongo ulio chini yake, isipokuwa madini na mafuta. Mwenye hati, basi, ana haki hata chini ya sakafu yake. Lakini haki hiyo hufuata masharti ya hati na mipango ya mji. Tena udongo ulio kwako ndio unaoushikilia msingi wa jirani.

Wakazi wa Dar es Salaam hawahitaji maelezo marefu. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa nne liliporomoka Kariakoo, wakafa watu zaidi ya 20. Mashuhuda walieleza kwamba chini yake palikuwa pakichimbwa ili kupanua eneo la biashara.

Chumba cha chini ya ardhi, kiwe stoo, maegesho au pa kulala, huhitaji kibali cha ujenzi cha halmashauri. Kibali ulichojengea nyumba hakitoshi, kwa kuwa michoro iliyoidhinishwa haikuwa na chumba hicho. Utawasilisha michoro ya mbunifu majengo, michoro ya mhandisi wa miundo na uthibitisho wa umiliki. Wote wawili wawe wamesajiliwa na bodi zao, na mkandarasi vilevile. Usiridhike na nakala ya cheti. Uliza bodi yenyewe kama usajili ungali hai. Fundi hodari wa kuta si lazima awe hodari wa mashimo.

Tunashauri pia upimaji wa udongo na wa kina cha maji, jambo ambalo wengi hulikwepa kwa kuogopa gharama. Tuchukue chumba cha mita 6 kwa 5, chenye kina cha mita 3. Udongo utakaoondolewa ni mita za ujazo 90, yaani takribani tani 150: safari zisizopungua kumi za lori la tani 15. Uzito huo ulikuwa ukikaza ardhi mahali pake. Ukiondolewa kabla ya kuta za kuzuia kujengwa, udongo wa pembeni hutafuta pa kwenda, na msingi ulio juu yake huufuata. Ndiyo sababu mhandisi huagiza kuchimba kwa vipande vifupi, kipande kimoja kikishazegwa ndipo kinachofuata kianzwe. Mkandarasi anayetaka kufungua shimo zima kwa siku moja ili kuokoa muda, mzuieni.

Maji nayo yana nguvu watu wasizozidhania. Yakifika mita 2 juu ya sakafu ya chumba hicho, huisukuma kwenda juu kwa nguvu ya tani 60; sakafu nyembamba itapasuka. Kuyavuta kwa pampu mchana na usiku si dawa ya bure, kwani maji huweza kutoka na mchanga, na ardhi ya jirani ikatitia. Angalieni pia lilipo shimo la majitaka, lenu na la jirani. Na msianze kuchimba masika yakikaribia.

Kabla ya jembe la kwanza, mwiteni jirani na mjumbe wa serikali ya mtaa, mpige picha nyufa zote zilizopo katika nyumba zote mbili, mziandikie tarehe na kutia saini. Karatasi hiyo humlinda anayechimba na anayechimbiwa.

Ikiwa wewe ndiwe jirani, nawe ukaona ufa mpya, mlango usiofunga kama jana au sakafu iliyoinama, toka ndani na watu wako kwanza, kisha nenda halmashauri. Halmashauri ina mamlaka ya kusimamisha kazi. Omba uonyeshwe kibali na michoro iliyoidhinishwa. Ujenzi halali huwa na bango lenye majina ya wahusika.

Katika mkataba, malipo yafuate hatua zilizokaguliwa na mhandisi, si siku zilizopita. Zuieni sehemu ya fedha hadi masika moja ipite chumba kikiwa kikavu. Chumba kiwe na njia ya hewa na njia ya pili ya kutokea. Jenereta isiwashwe humo kamwe, hata mlango ukiwa wazi: moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo huua aliyelala.