Gari la Umeme Likigoma Asubuhi, Kagua Kwanza Betri Ndogo

Gari limeegeshwa jioni likiwa na chaji ya asilimia 80. Asubuhi rimoti haifungui mlango, dashibodi ni giza, na hata likichomekwa kwenye chaja halipokei umeme. Mwenye gari huingiwa na hofu kwamba betri kuu, sehemu ya bei ghali kuliko zote katika gari la aina hii, imekufa. Mara nyingi sivyo. Iliyoisha ni betri ndogo ya volti 12, inayofanana na ile ya gari la petroli, na bei yake haikaribii hata kidogo ile ya betri kuu. Wakazi wenye magari haya, hasa Nissan Leaf zilizotumika kutoka Japani, wanashauriwa kuielewa tofauti hiyo kabla ya kukubali matengenezo yoyote makubwa.

Betri kuu ndiyo inayoendesha mota. Kwa sababu ina mamia ya volti, umeme wake hutengwa na swichi maalumu kila gari linapozimwa. Swichi hizo, pamoja na kompyuta za gari, taa na kufuli za milango, hutumia umeme wa betri ndogo. Betri ndogo ikiisha, ghala limejaa lakini hakuna wa kufungua mlango. Nayo hujazwa na betri kuu gari likiwa limewashwa au linapochajiwa. Gari lililokaa siku nyingi hutegemea akiba iliyomo. Baadhi ya magari hujijazia kidogo kila baada ya muda, ila kiasi hicho hakifui dafu mbele ya kitu kinachonyonya umeme usiku na mchana.

Multimeta ya kawaida inatosha kuanza uchunguzi. Baada ya gari kupumzika saa chache, betri nzuri ya asidi husoma volti 12.6 au zaidi. Ikisoma 12.2 imebaki nusu, na chini ya 12 imekwisha. Kisha gari liwashwe hadi lionyeshe kuwa tayari kuondoka. Kipimo kinapaswa kupanda hadi volti 13 au 14 na ushei. Kisipopanda, kifaa cha kuijaza betri hiyo kina hitilafu, na hiyo ni kazi ya fundi aliyesomea magari ya umeme.

Kikipanda vizuri lakini kesho yake betri iko chini tena, shaka ni mbili: betri imezeeka, au kuna kinachoinyonya. Betri ya asidi hudumu takriban miaka mitatu hadi mitano, na joto huipunguzia umri. Gari lililoagizwa kutoka ng'ambo huenda limekuja na betri yake ya zamani, iliyokaa wiki kadhaa melini na bandarini bila kujazwa. Betri ya aina hii ikiachwa tupu hivyo mara kadhaa, haishiki tena chaji kama zamani. Gereji nyingi zina kifaa cha kuipima ikiwa imebebeshwa mzigo.

Kunyonywa kidogo ni kawaida. Milliampia 50 huchukua ampia-saa 1.2 kwa siku, hivyo betri ya ampia-saa 40 hukaa mwezi mmoja. Zikiwa milliampia 500, betri hiyo hiyo haifiki siku ya nne. Wanaoshukiwa kwanza ni vifaa vilivyoongezwa baadaye: traka, alamu, kamera ya dashibodi, au kifaa cha kusoma hitilafu kilichosahauliwa kwenye soketi yake. Vichomolewe kimoja kimoja, betri ikipimwa kila asubuhi. Mlango wa nyuma usiofungika sawasawa nao huwasha taa usiku kucha, na rimoti inayotundikwa ukutani karibu na gari inaweza kuziamsha kompyuta mara kwa mara. Kuacha gari limechomekwa wiki nzima si dawa. Betri kuu ikishajaa, baadhi ya magari huacha pia kuijaza ile ndogo.

Gari likishagoma, mlango hufunguliwa kwa ufunguo wa chuma uliofichwa ndani ya rimoti. Betri ndogo inaweza kujampiwa kutoka kwa betri nyingine ya volti 12, kwa kufuata kitabu cha gari, kisha gari liachwe limewashwa saa moja au zaidi. Lisitumiwe kuwashia gari la petroli la jirani, kwa sababu stata huvuta umeme mwingi kuliko vifaa vyake vinavyostahimili. Magari mengine mapya yana betri ndogo ya lithiamu, ambayo haichajiwi kwa chaja ya betri ya asidi. Likihitaji kuondolewa, libebwe juu ya lori, lisiburutwe magurudumu yanayoendeshwa na mota yakiwa chini. Nyaya za rangi ya machungwa zisiguswe kabisa. Hizo ni za betri kuu, na umeme wake unaua.

Betri kuukuu ya asidi irudishwe kwa muuzaji, isitupwe mtaroni wala kuyeyushwa nyumbani. Ina madini ya risasi, sumu ile ile iliyoingia katika damu ya wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, kutoka kwa kiwanda kilichokuwa kikiyeyusha betri za magari.